Aliyetoka Safari Anadaiwa Habari

Kila baada ya Idi, Krismasi na likizo ya shule ya katikati ya mwaka, simu zetu hujaa picha za aina mbili. Za kwanza zimepigwa Unguja: mchanga mweupe wa Nungwi au Paje, maji ya buluu inayong'aa, ngalawa iliyotweka tanga, na mtu mwenye kofia pana aliyeipa kamera mgongo akitazama bahari. Za pili zimepigwa milimani: kundi la watu waliojifunika makoti mazito mbele ya kibao cha Kilele cha Uhuru, au vijana walioketi ukingoni mwa jabali la Irente kule Lushoto, na tambarare za Mazinde zimetandaa chini yao. Maneno yanayoandamana na picha hizo aghalabu hayazidi jina la mahali na shukrani kwa Mungu. Baada ya saa 24 stetasi inafutika, na safari iliyokula akiba ya miezi mingi inahesabiwa kuwa imekwisha kusimuliwa.

Naona huo ni upungufu, tena si mdogo. Mtu aliyekwenda kisiwani au mlimani akarejea salama amerudi na kitu ambacho si chake peke yake. Ameona namna watu wanavyoishi, kazi wanazofanya, mambo yaliyoharibika na yaliyotengenezwa, njia inayopitika na isiyopitika, bei ya kweli na bei ya kuwindia wageni. Waliobaki nyumbani wanamdai habari hizo. Picha ni arubuni ya deni hilo, na malipo kamili ni simulizi. Tunapogawiana kumbukumbu nusunusu, hasara hawaipati wenye mahoteli wala mashirika ya ndege. Wanaoipata ni familia inayojinyima mwaka mzima ili kufika mahali isipopajua, mama anayefanya kazi ndani ya picha bila kutajwa, kijana anayebeba mizigo ya wengine hadi mawinguni, na mtoto atakayerithi albamu isiyo na maelezo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kumbukumbu ni mali ya namna hiyohiyo.

Yasiyoingia katika picha

Tuanze na pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Michamvi kupitia Bwejuu, Paje na Jambiani hadi Makunduchi. Picha zinazosambaa kutoka huko karibu zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Lakini bahari ya upande ule ni ya kina kifupi, imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe, na maji yakipwa hurudi nyuma kiasi cha mtu kutembea kwa muda mrefu kabla hajayafikia, hasa nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kinachobaki ni uwanda mkubwa wa mchanga mbichi, majani ya bahari na vidimbwi. Familia iliyotoka Dodoma au Nairobi kwa kuvutiwa na picha inafika saa hiyo, na watoto wanauliza bahari imekwenda wapi. Hakuna aliyewadanganya. Ila hakuna pia aliyewaambia kwamba pwani ile huishi kwa saa za maji, na kwamba mwenye watoto wanaotaka kuogelea wakati wowote ni afadhali aelekee kaskazini, Kendwa na Nungwi, ambako maji hayakimbii hivyo. Sentensi mbili za aliyetangulia zingewaokolea siku nzima na fedha zao.

Tena saa hizo ambazo mgeni huziona za hasara ndizo saa za kazi kwa wenyeji. Maji yakipwa wanawake hushuka pwani na vijiti, kamba na magunia kushughulikia mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vijiti, huvisubiri vikue kwa wiki kadhaa, huvuna, huanika na kuuza, na mwisho wa safari yake ni viwandani, katika vyakula, vipodozi na dawa za meno za nchi za mbali. Fedha ya mwani ilimpa mwanamke wa kijijini kipato mkononi mwake, pengine kwa mara ya kwanza, na nyumba nyingi za upande ule ziliezekwa bati kwa kazi hiyo. Sasa bahari imezidi joto. Ile aina yenye bei nzuri, iitwayo cottonii, haimei vizuri tena katika maji ya kina kifupi, na wakulima wengi wamebaki na spinosum ambayo bei yake ni ndogo. Mgeni aliyelala siku chache Paje au Jambiani amewaona wanawake hawa maji yakipwa. Pengine amempiga picha mmojawapo akiwa ameinama majini, bila kumwomba ruhusa wala kumuuliza jina, akaituma kwa kuwa ina rangi za kupendeza. Anayeipokea haelewi kama anatazama mchezo, uvuvi au shamba. Ni shamba, na mwenye shamba ana dhiki ambayo nchi nzima ingepaswa kuijua.

Mlimani mambo ni hayohayo, na pengine ni mazito zaidi. Kilimanjaro ina mita 5,895, na tangu mwaka 2022, intaneti ya kasi ilipofikishwa kituo cha Horombo na baadaye kileleni, mpandaji anaweza kutuma picha yake kabla hajaanza kushuka. Ndani ya picha wamesimama watu watatu wanaocheka. Nje yake wapo wapagazi, ambao wenyewe hupenda kuitwa wagumu, wapo wapishi na waongozaji, na mara nyingi idadi yao inawazidi wageni maradufu. Kanuni za hifadhi zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20 mbali na vitu vyake mwenyewe. Asubuhi huvunja kambi baada ya wageni kuondoka, huwapita njiani na mzigo kichwani, na wageni wanapofika jioni hukuta mahema yamesimama na chai inachemka. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu mwaka 2003 kuna mradi mjini Moshi unaofuatilia maslahi ya wapagazi hawa, na maswali yake ni ya kawaida kabisa: walilala katika hema la namna gani, walikula mara ngapi kwa siku, walilipwa kiasi kile walichoahidiwa? Ni nani awezaye kuyajibu vizuri kuliko mtu aliyepanda nao siku sita na kushuka nao? Akirudi nyumbani akasema kampuni iliyompandisha iliwalisha watu wake mara moja kwa siku, jamaa yake anayepanga kupanda mwakani atachagua kampuni nyingine. Akinyamaza, yule anayewabana wapagazi ataendelea kupata wateja kwa bei yake ya chini, na anayewatendea haki atashindwa biashara. Ada ya shule ya mtoto fulani wa Marangu au Machame imo ndani ya ukimya huo.

Kuna ukimya mwingine ambao huleta hatari ya moja kwa moja. Hewa ya kileleni ina oksijeni karibu nusu ya ile ya pwani. Kwa njia ya Marangu mpandaji hulala Mandara, kisha Horombo, kisha kituo cha Kibo kwenye mita karibu 4,700, na kutoka hapo huondoka usiku wa manane ili afike juu alfajiri. Wapo wanaoishia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta chini ya kilele, na wapo wanaorudishwa kabla hata ya hapo kwa kuumwa kichwa, kutapika na kuishiwa nguvu. Hawa hawatumi picha. Wanaona kama wameshindwa, na jamaa wanawahurumia kwa kubadili mazungumzo. Matokeo yake, kijana anayepanga kupanda huona waliofika tu, akaamini kinachotakiwa ni misuli, akapunguza siku ili kupunguza gharama. Mlima hauangalii misuli. Hutaka mwili upewe muda wa kuzoea, na siku ya ziada pale Horombo ina faida kuliko mazoezi ya miezi miwili. Habari hiyo anayo aliyerudi njiani, na kwa mtu anayejiandaa, neno lake lina thamani kuliko picha kumi za kibao cha kileleni.

Tunawajua kwa sababu walisimulia

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka na pwani yetu hadi Mombasa na Kilwa. Miaka mingi baadaye, akiwa kwao, alimsimulia mwandishi safari zake zote, na kitabu kikakamilika mwaka 1355. Angekuwa ametuambia tu kwamba Kilwa ni pazuri, tusingefaidika na chochote. Lakini alisema Mombasa hawalimi nafaka bali huletewa na meli, akataja ndizi na ndimu zao, akaeleza kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao na penye milango kulikuwa na visima vya kuoshea miguu, kwa kuwa watu walitembea pekupeku. Mogadishu alisimulia hata chakula: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya maembe. Kilwa alimtaja sultani kwa ukarimu wake. Leo mwanafunzi anayezunguka magofu ya Kilwa Kisiwani anaweza kuyajaza watu kichwani mwake kwa sababu mgeni mmoja alijali kueleza kile alichokula na alichokiona mlangoni. Yale yaliyoonekana madogo ndiyo yaliyovuka karne.

Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 akiwa binti wa Sultani na baadaye akaitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu za kisiwa chake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake waliokulia ugenini, wapate kujua mama yao ametoka wapi. Kwa hiyo alieleza ua wa jumba la Mtoni uliokuwa na tausi na paa wakizurura, mabafu, mapishi, siku za Idi, ugomvi wa ndugu. Jumba lile sasa ni magofu, na kama si yeye, ukuta ule ungekuwa mawe tu. Tuzingatie sababu yake ya kuandika. Hakuwa akiandikia wanahistoria. Alikuwa mzazi anayewapa watoto wake mahali, na hilo kila mzazi aliyewahi kuvuka bahari kwenda Unguja au Pemba anaweza kulifanya.

Wala asiseme mtu kwamba kusimulia matembezi ni desturi ya kuazima. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyefundisha Kiswahili, alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alieleza safari yake ya Urusi hadi Siberia, akieleza baridi na watu wa huko kwa Kiswahili cha pwani. Zaidi ya karne moja iliyopita lugha yetu ilikuwa imekwisha kuibeba theluji ya Siberia. Iweje leo ishindwe kubeba umande wa msitu wa Magamba kule Lushoto au upepo wa kusi pale Jambiani?

Tazama pia kinachotokea mwenyeji asiposimulia. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu ya Kibo mwezi Oktoba mwaka 1889, wakarudi Ulaya, na Meyer akaandika. Kila kitabu cha historia kinawataja. Wachaga waliowaongoza na kuwabebea mizigo wametajwa kidogo sana. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kuwa miongoni mwao, lakini alikuwa ameshazeeka mno kabla dunia haijamwendea kumuuliza, na hadi leo wanaohusika wanabishana alikuwa kwenye safari ipi hasa na alifika wapi. Ubishi huo usingekuwapo kama mtu wa zama zake angeketi naye akaandika maneno yake. Hata ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, ambalo sasa hupandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, linajulikana duniani kwa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu na habari zake kwao mwaka 1892. Aliyepeleka habari ndiye aliyebaki na sifa.

Picha ya zamani ni ushahidi

Nimesema watoto watarithi albamu. Nieleze kwa nini jambo hilo linavuka upendo wa familia. Meyer alirudi Kilimanjaro mwaka 1898, miaka tisa tu baada ya safari ya kwanza, na akaona barafu imepungua. Aliweza kuona kwa sababu alikuwa ameandika na kuchora alichokiona mara ya kwanza. Mwaka 1912 barafu ile ilipimwa na kutiwa ramani, ikawa takribani kilomita za mraba 12. Watafiti walipolinganisha na hali ya mwaka 2007 walikuta asilimia 85 imetoweka. Hesabu kama hizo hujengwa juu ya kumbukumbu za watu waliotangulia, na nyingine zilikuwa picha za kawaida za wapandaji. Maelfu ya Watanzania wamepanda mlima ule tangu uhuru, na kila mwaka kuelekea 9 Desemba makundi mengine hupanda kuadhimisha usiku ule wa mwaka 1961 ambapo Luteni Alexander Nyirenda alipeleka bendera na mwenge kileleni. Picha zao ziko wapi? Ngapi zimeandikwa mwaka na mahali? Barafu iliyoko nyuma ya baba aliyepanda mwaka 1985 ni kipimo, iwapo tu tunajua kuwa ni mwaka 1985 na kwamba alisimama pale.

Na tukumbuke kilichotokea Mji Mkongwe tarehe 25 Desemba 2020. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake ya mbele. Familia ngapi zimewahi kupiga picha penye milango yake iliyonakshiwa au kwenye baraza zake zinazotazama Forodhani? Walidhani wanapiga picha za likizo. Zile picha sasa zinaonyesha nguzo, dari na nakshi kama zilivyokuwa, na mafundi wa kurejesha majengo ya kale hufaidika na kila kipande cha ushahidi. Lakini picha iliyomo ndani ya simu iliyoharibika, bila mwaka na bila maelezo, haiwezi kumsaidia fundi yeyote.

Wanaosema tunajionyesha

Pingamizi la kwanza ni la husuda. Watu wengi wa heshima huona kwamba kusimulia matembezi ni kujionyesha mbele ya wasionacho, na kwamba jicho la watu si zuri. Nalichukua kwa uzito, maana kuona haya kwa ajili ya mwenzako asiye na uwezo ni tabia njema. Ila tupime vizuri kinachoumiza. Picha isiyo na maelezo ndiyo inayosema: mimi nimefika, wewe hujafika. Simulizi yenye bei, nauli, usumbufu wa bandarini, mvua iliyoharibu siku mbili, na jina la mama aliyewapikia pweza kwa bei ya haki humpa msikilizaji kitu cha kushika. Anaweza kupanga, anaweza kuahirisha, anaweza kuamua kwamba jambo lile halimfai. Wahenga wa baharini walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio, na picha tupu ndiyo inayotufanya tuifuate nyota hiyo, tukakopa kwa ajili ya hoteli ambayo mwenye picha alilala usiku mmoja tu.

La pili ni la fedha, na hapo siwezi kusema ni jambo jepesi. Kupanda Kilimanjaro kunagharimu fedha nyingi kwa mfanyakazi wa kawaida, hata kama viingilio vya hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni sehemu ndogo tu ya vile wanavyotozwa wageni wa mbali. Kwa kaya inayohesabu ada na kodi ya nyumba, likizo Unguja ni jambo la kuota. Lakini kisiwa na mlima si lazima viwe vile vya kwenye matangazo. Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyo hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, viko mwendo mfupi wa boti kutoka ufukwe wa Dar es Salaam. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inampeleka mkazi wa Dar hadi Morogoro na kumrudisha siku hiyohiyo, na pale Morogoro kuna njia ya kupanda Uluguru hadi Morningside. Anayepanda njia ile huona vijito vinavyoteremka kwenda kuulisha mto Ruvu, ambao ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Akirudi akawaeleza wenzake wa Tabata au Mbagala kwamba maji ya bomba lao huanzia kwenye msitu ule, na kwamba ameona miteremko iliyofyekwa, amefanya kazi ambayo semina nyingi zimeshindwa kuifanya. Na kwa yule ambaye kweli hatafika popote, simulizi nzuri ya jirani ndiyo safari pekee atakayoipata. Tunamnyima hata hiyo?

Wengine watasema likizo ni ya kupumzika, isigeuzwe kazi ya kuandika ripoti. Nakubali. Sidai ripoti. Nadai mazungumzo ya jioni baada ya kurudi, na mistari michache chini ya picha.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kusimulia huharibu mahali. Kisiwa kidogo kikisifiwa hujaa watu; ufukwe wa wavuvi hugeuka uwanja wa vitanda vya jua; bei ya samaki hupanda hadi mwenyeji akashindwa kununua kilichovuliwa mlangoni pake. Kizimkazi ni mfano wa pande zote mbili. Zamani pomboo wa pale walivuliwa na nyama yao kuwa chambo. Habari zao ziliposambaa na wageni kuanza kuja kuwatazama, pomboo hai akawa na thamani kuliko chambo, na vijana wengi wakapata kazi ya boti. Kisha picha zikazidi, boti zikazidi, na sasa siku za msimu kundi dogo la pomboo linaweza kuzingirwa na boti nyingi, watu wakirukia majini juu yao. Kilichowaokoa na kinachowasumbua ni sifa ileile. Lakini tofauti ipo. Mtu anayetuma picha ya pomboo akaficha boti kumi na mbili zilizokuwa pembeni huwaita wengine waje kuongeza ya kumi na tatu. Anayesimulia kwamba aliona wanyama wakizama na kukimbia, na kwamba nahodha fulani mwenye adabu alizima injini akakaa mbali, humpelekea wateja nahodha huyo. Na yapo mambo ambayo busara inataka yafichwe: mahali kasa wanapotagia, makaburi ya watu, sehemu za ibada na mizimu ambazo wenyeji hawapendi zizungukwe na kamera. Msimuliaji mwenye adabu hujua la kunyamazia. Anayetuma picha kwa pupa hana nafasi ya kulijua hilo.

Kazi inayobaki nyumbani

Serikali imefanya sehemu yake ya kuisimulia nchi. Filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mwongozaji wa mgeni wake kamerani, iliwafikia watu wa mbali ambao hawakuwahi kutuwazia. Lakini mtu wa Singida hapangi likizo yake kwa filamu iliyolenga Marekani. Hupanga kwa maneno ya shemeji yake, ya mwalimu mwenzake, ya jirani aliyepeleka watoto Pangani au Mafia. Utalii wa ndani, tunaousikia ukihimizwa kila mwaka katika hotuba, hutembea kwa miguu ya simulizi za nyumbani, na simulizi hizo tumeziacha zikafa kwa sababu tunadhani simu imekwisha kuzisema.

Nyumba ambayo wazazi hurudi safari wakaketi na watoto wakawaeleza hulea watoto wanaouliza maswali. Kwa nini maji hukimbia? Nani alimbebea mama begi lake mlimani? Kwa nini bibi yule hakutaka kupigwa picha? Mtoto anayeuliza hivyo akiwa na miaka tisa, akifika ishirini atatembea kwa heshima katika kijiji cha watu. Walimu nao wangefanya vema kubadili insha ile ya kila muhula kuhusu likizo, ambayo watoto huijaza maneno ya kupendeza wasiyoyamaanisha, wakawataka waandike jinsi mtu mmoja waliyekutana naye anavyopata riziki yake. Haihitaji kwenda Nungwi. Mtoto aliyekwenda kwa babu yake milimani Upare au visiwani Ukerewe anayo ya kuandika.

Wenye kampuni za kupandisha watalii, wenye nyumba za wageni na wenye boti nao wana wajibu: wawape wageni wao majina ya watu waliowahudumia, yaandikwe, yatajwe. Na sisi tunaosafiri tuwatumie picha zao wale tuliowapiga. Mpagazi ambaye amefika kileleni mara nyingi anaweza kuwa hana hata picha moja ya kuwaonyesha wanawe kazi inayowasomesha.

Kwa hiyo msomaji, kama una picha za zamani za kisiwani au mlimani, zako au za wazee wako, zitoe kabatini au uzitafute ndani ya simu wiki hii. Keti na waliokuwapo. Andika kwa kila moja mwaka, mahali, majina ya waliomo na la aliyebeba mizigo, na kilichokuwa kikiendelea siku ile. Kama iko baraza ya Beit al-Ajaib au barafu ya Kibo ndani yake, peleka nakala kwenye nyaraka za taifa, makumbusho au chuo kikuu kilicho karibu nawe, pamoja na maelezo hayo. Usingoje hadi mzee wa mwisho anayekumbuka awe hayupo.